Mama Ikram wa Kerenge

Mbuzi ndio waliotangulia kukimbia. Akafuata mwenye mbuzi. Kisha Faudhia, ambaye hakumgusa mbuzi wala kumsogelea, ila wimbo uliowakurupusha ulikuwa wake.

Ilikuwa siku ya gulio Chanika, mjini Handeni, jua limewaka mpaka wauza kofia wanaringa. Faudhia alikuwa ametoka Korogwe asubuhi, amevaa dera la rangi ya bizari na mtandio mweusi wenye ukingo wa fedha, mkononi ana vikaratasi vyenye anwani ya blogu yake. Blogu yenyewe aliiita Mchunga na Bada: mapishi ya kwao, mboga chungu na ugali wa muhogo, vile vyakula ambavyo mtu huvidharau akiwa navyo na kuviota akihamia mbali. Wenzake walimcheka, wakamwambia dunia nzima imehamia kwenye video. Yeye akaendelea kuandika. Msomaji wake mkubwa mpaka siku hiyo alikuwa yeye mwenyewe.

Karatasi moja ilimwangukia kijana aliyekaa nyuma ya meza ya kutengeneza simu, ubavuni mwa mnada wa mbuzi. Shati la drafti limepigwa pasi mpaka linataka kukata, ndevu chache zimechongwa kwa matumaini makubwa.

"Nifungue sasa hivi, dada?"

"Fungua. Kwani inang'ata?"

Ilikuwa inang'ata. Simu ya kijana ilikuwa imeunganishwa na spika ya kujaribia. Blogu ilipofunguka ilimdai kwanza jina, kisha namba, kisha ikamtaka abonyeze palipoandikwa INGIA. Akabonyeza. Taarabu ikalipuka pale gulioni kama harusi imeanguka kutoka mbinguni, na kundi zima la mbuzi likakata kamba.

"Yeyo!" alifoka Lekakeny, mwenye mbuzi, akimwita mama yake kwa Kimaasai, rubega jekundu likipepea nyuma yake. "Nani amefungulia shetani?"

Walihangaika juani mpaka mbuzi wa mwisho akatolewa chini ya meza ya mitumba. Waliporudi, dera la Faudhia lilikuwa na vumbi mpaka magotini na kijana alikuwa amepoteza kiatu kimoja. Wakatazamana. Kilichofuata ni kicheko cha kushika mbavu.

"Naitwa Muhsin," alisema akijifuta machozi. "Dada, samahani kwa kuuliza. Wewe mgeni akipiga hodi kwenu, unamrushia mbwa?"

"Mbwa gani?"

"Huo wimbo ni mbwa. Tena kabla ya mbwa umeniomba namba ya simu, kama polisi. Nimebisha hodi mara moja tu, hukusema karibu, hukusema keti, hata maji ya kunywa sijaona. Nani atakaa?"

Faudhia alitaka kukasirika. Hasira ikamtafuta, haikumpata.

"Basi wewe fundi, nitengenezee."

"Nitakutengenezea. Ila niite Muhsin. Fundi ni wa wateja."

* * *

Ndivyo yalivyoanza. Handeni na Korogwe si mbali kwa gari, lakini kwa simu ni karibu zaidi, na hao wawili waliitumia mpaka betri zikawa zinavimba.

"Umefuta wimbo?" Muhsin aliuliza.

"Nimeufuta. Roho imeniuma kama nimezika."

"Usijali, nimeuweka kwenye simu yangu. Kila ujumbe wa blogu yako ukiingia, unaimba. Sasa weka picha yako mlangoni. Mtu akifungua aone uso, si tangazo."

"Uso wangu unafukuza watu."

"Mimi ulinifukuza? Nimepoteza kiatu na bado nipo."

Akamfundisha moja baada ya jingine, na kila somo lilikuja na utani wake. Picha azipunguze uzito, maana msomaji wa Mashewa ana bando la kupimia kwa kijiko. Akianza andiko, asalimie kwanza kama anavyosalimia mtu aliyeingia uani. Akimaliza asimtoe mgeni mlango wa nyuma, amwonyeshe na andiko jingine: umekula mchunga, njoo uonje kisamvu. Na mwishoni aulize swali, la kweli, ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake.

"Kama lipi?"

"Kama, kwenu bada mnasongea mwiko gani? Mtu akiulizwa habari za kwao, hata bubu atasema."

Jioni moja, wakicheka hivyo, Faudhia akamsimulia jinsi mama yake, Bi Zuena, alivyofungua banda la chakula pale stendi ya Korogwe. Siku za mwanzo hakuna aliyeingia. Bi Zuena akawakusanya watoto wa dada zake, akawaketisha benchi la mbele pamoja na Faudhia, kila mmoja na sahani, wale taratibu wapita njia waone. "Mtu haingii banda tupu," Faudhia alisema. "Tulikula mpaka tukawa tunatembea kama bata. Basi wateja wakaja."

Upande wa pili wa simu Muhsin aliomba arudie hapo pa banda tupu. Faudhia alidhani ni mtandao.

Wiki hiyohiyo maoni yakaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa Mama Ikram wa Kerenge: "Mwanangu, asante kwa mchunga. Mimi huchemsha mara mbili, nikamwaga maji ya kwanza." Akafuata Mzee Semboja wa Vugiri, anayelalamika kwamba vijana hawajui tena kula vitu vichungu ndiyo maana wanalialia ovyo. Akaja Yordani wa Mashewa, aliyeachwa na mkewe, anayejifunza kupika akiwa na kitabu cha dini upande mmoja na sufuria inayoungua upande wa pili. Faudhia aliwajibu wote. Alimfariji Yordani. Alibishana na Mzee Semboja. Na watu wengine, wakiona baraza lina watu, wakaanza kuvuta viti: kutoka Muheza, kutoka Dar, mmoja hata kutoka Omani.

Lakini wa moyoni mwake alikuwa Mama Ikram. Waliandikiana hata pembeni, kwa barua pepe. Yapo mambo ambayo binti hawezi kumwambia mama yake, hasa kama mama huyo anasikiliza huku ameshika upawa. Siku moja Faudhia akaandika: "Mama, kuna kijana wa Handeni. Akileta posa leo, nakubali kabla mshenga hajaketi. Naomba ibaki kwako." Mama Ikram akajibu: "Mkubali, mwanangu. Kwa unavyomweleza, huyo ni kijana wa maana sana."

Siku chache baadaye Muhsin akamwambia, sauti imejaa asali, "Laazizi, nataka kuleta watu kwenu." Faudhia akaangusha kijiko ndani ya mchuzi. Dunia ilikuwa tamu, na dunia ikiwa tamu kiasi hicho, mtu mwenye akili hushikilia ukuta.

* * *

Kisha Mama Ikram akapotea. Hakutoa maoni, hakujibu barua. Faudhia akahangaika, akamsumbua Muhsin: "Hivi atakuwa na nini?" Muhsin, ambaye siku hizo alikuwa na rundo la simu za wateja zilizoingia maji ya mvua, akasema tu, "Ataandika." Na kweli, kesho yake akaandika: "Nisamehe mwanangu, nilikuwa nauguza. Ikram ana homa kali."

Aliyeandika maneno hayo alikuwa fundi hodari, lakini alisahau jambo moja ambalo hata kuku wa Korogwe wanalijua: mgonjwa hapelekewi pole kwa maandishi. Unaenda.

Faudhia alifunga mchele, sukari, machungwa na kanga moja mpya. Akavaa baibui, akatafuta bodaboda, akaelekea Kerenge kwa njia ya vumbi, mfuko umebanwa katikati yake na dereva. Hakumwambia mtu. Alitaka kumshangaza Mama Ikram.

Akauliza dukani. "Mama Ikram? Mh. Hapa?" Akauliza zahanati, muuguzi akafikiri, akatikisa kichwa. Akauliza msikitini, watu waliokuwa wakitoka kuswali adhuhuri wakaulizana wao kwa wao, wakamhesabia kila mama wa kijiji, Ikram hakuwemo. Kijana mmoja wa bodaboda akacheka: "Dada, umetapeliwa? Ulimtumia hela?"

"Sijatuma hela!" alisema Faudhia, ameukumbatia mfuko. "Mtoto anaumwa!"

Ndipo sauti ikamwita kutoka ua wa jirani. Mwanamke wa makamo, Bi Maryamu, alikuwa anapepeta mahindi kwa ungo. Pembeni yake, juu ya mkeka, binti yake alikuwa amenyoosha miguu, tumbo la mimba limefika kidevuni.

"Karibu, mwanangu. Njoo kivulini."

"Shikamoo mama. Samahani, namtafuta Mama Ikram."

"Marahaba. Mimi siye huyo. Lakini wewe umeshabisha hodi hapa Kerenge, na hodi haiokotwi ikarudishwa mfukoni. Keti. Bada ipo."

Faudhia akaketi. Akanawa. Ilikuwa bada ya moto na mchunga, na uchungu ulikuwa umetolewa nusu tu, kama anavyoupenda. Baada ya matonge mawili akakumbuka: Muhsin ni mjuzi wa mambo ya mitandao, atajua pa kutafuta. Akampigia.

"Laazizi!" Muhsin alipokea kwa furaha.

"Muhsin, niko Kerenge. Namtafuta Mama Ikram, mtoto yuko hoi na hakuna anayewajua. Wewe unaweza kuona simu yake iko wapi?"

Mkwaruzo ukasikika, kama kiti kimesukumwa nyuma.

"Muhsin? Mtandao?"

"Uko wapi?"

"Kerenge! Nimemletea mchele."

Alisikia bisibisi ikianguka mezani, kule Handeni.

"Faudhia, rudi. Nakuomba rudi, nitakuja, tutaongea."

"Kuna nini? Amekufa? Mtoto amekufa?"

"Hajafa. Hayupo. Hajawahi kuwepo. Mama Ikram ni mimi."

Tonge lilikuwa bado mkononi mwa Faudhia. Likabaki hapohapo, angani.

"Wewe nani?"

"Mimi. Nilikuwa naandika mimi."

"Mzee Semboja?"

"Mimi."

"Yordani? Yule niliyemfundisha kukoroga uji, nikalia kwa sababu mke wake amemwacha?"

"Nisamehe, Faudhia."

Tonge likamwanguka. Si kwa ajili ya Yordani. Barua. Ile barua. *Akileta posa leo, nakubali kabla mshenga hajaketi.*

"Ulisoma," alisema polepole. "Ulisoma, na ukanijibu. Ukajisifu. Huyo ni kijana wa maana sana!"

"Faudhia..."

Akakata simu. Bi Maryamu akaichukua ile simu na kuiweka juu ya ungo, kati ya mahindi.

"Nani amekufa, mwanangu?"

"Watu watatu, mama," alisema Faudhia, akaangua kicheko cha ajabu ambacho katikati yake kiligeuka kilio. "Wote kwa mpigo."

Bi Maryamu hakuelewa, na hakudai kuelewa. Alimwacha alie, kisha akamsogezea bakuli. Faudhia alipoondoka, mchele, sukari, machungwa na kanga vilibaki palepale. "Vilikuja kwa mama wa Kerenge," alisema. "Basi vimefika." Binti mwenye tumbo, aliyekuwa amesikia kila neno lililosemwa upande huu wa simu, alimtazama akienda.

* * *

Muhsin alifika stendi ya Korogwe siku iliyofuata. Shati halikupigwa pasi. Hilo pekee lilimshtua Bi Zuena kuliko maneno yote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Keti ule, au umekuja kuliwa?"

Faudhia alikuwa anafuta meza ileile aliyokwisha kuifuta. Hakuinua uso.

"Wewe mwenyewe ulinisimulia," Muhsin alianza. "Mama alivyowaketisha wewe na binamu zako benchi hili. Mtu haingii banda tupu, ulisema. Nikaona blogu yako nzuri, imekaa tupu, unalala na huzuni. Nikaweka watu benchini. Nilitaka tu watu waingie."

"Binamu zangu walikuwa binamu zangu, Muhsin. Mchuzi walioumaliza ulikuwa mchuzi. Mama Ikram wako alikula nini?"

Muhsin akaketi kwenye benchi.

"Nitakwambia alichokula. Alikula siri yangu. Ulikuja kunitamkia posa jibu umeshalitia mfukoni. Mimi nikaangusha kijiko kwenye mchuzi kwa mshtuko, wewe ulikuwa unanisikiliza kama mtu aliyeiona mechi jana."

"Niliogopa. Niliogopa utakataa. Nilipoona ile barua nilifurahi mpaka nikasahau kuona aibu."

"Haya, sasa umekumbuka. Nenda nayo."

Wateja walikuwa wameacha kutafuna. Muhsin akasimama, akamwinamia Bi Zuena, akatoka. Bi Zuena akamtazama bintiye.

"Nami nilikuwa nimeshaanza kumwekea minofu," alisema.

Usiku wa kuamkia Ijumaa Faudhia hakulala, na mapema asubuhi akaandika. Hakutia chumvi. Aliwaambia wasomaji wake kwamba Mama Ikram, Mzee Semboja na Yordani hawapo, kwamba mtu mmoja aliwatunga, kwamba yeye hakujua. Akaomba radhi. Mwishoni, kwa mazoea, akauliza swali: "Nani hapa ni mtu wa kweli?" Akaizima simu. Alijua kesho atakuta ukumbi umebaki viti.

Alipoiwasha, simu ilitetemeka mpaka ikaanguka mezani.

"Mimi wa kweli, nipo Muheza, jana mume wangu kaunguza kisamvu chako." "Mimi wa kweli, Omani, huku hakuna mchunga nalia." "Nilimpenda Mzee Semboja, nimemwekea matanga." Na jingine, refu, lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu: "MIMI LEKAKENY WA HANDENI. BINTI YANGU NKASIOGI ANANISOMEA KILA WIKI. MIMI WA KWELI, MASHAHIDI NI MBUZI."

Faudhia alikaa chini. Wakati wote huo, kumbe nyuma ya watu watatu wa uongo walikuwa wameketi watu, wanakula.

Chini kabisa kulikuwa na neno moja, mwandishi wake ametumia jina lake halisi kwa mara ya kwanza kwenye blogu ile: Muhsin Mhina, Chanika. "Hodi."

Hakujibu. Wengine aliwajibu wote mpaka wa Omani. Lile akaliruka. Siku zikapita, neno likakaa pale mlangoni kama mtu aliyevua viatu na kusubiri.

* * *

Watu wa posa walipokuja, hawakutoa taarifa kwa Faudhia. Walipeleka kwa wajomba, kama inavyotakiwa, na wajomba wakampangia Bi Zuena siku. Faudhia akasukumwa chumbani na shangazi zake, kavalishwa gauni la kijani lenye shanga kifuani, hasira yake imepakwa poda.

"Simtaki," alisema.

"Utasema ukiulizwa," shangazi alijibu. "Wageni kwanza wale."

Akachungulia kwenye pazia. Muhsin alikuwa karibu na mlango, kanzu nyeupe, kofia imekaa vibaya, jasho linamtoka kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Safari hii hakukuwa na wa kumnong'oneza jibu. Nje, uani, alisimama Lekakeny na beberu wa zawadi amefungwa kwenye nguzo. Na mshenga alipoinuka kusema, Faudhia akashika ukuta.

Alikuwa Bi Maryamu wa Kerenge.

"Mimi si mtu wa ukoo wake," alisema, sauti ileile ya kivulini. "Kijana huyu aliulizia Kerenge nzima mpaka akafika kwangu, akapiga magoti mbele ya mahindi. Akasema mgeni alifika kwako kwa uongo wangu, naomba radhi. Nikamwambia radhi hailiwi, shika mchi. Katwanga siku nzima. Akarudi tena, akatwanga tena, bila kuniomba nimsemee. Mimi ndiye niliyesema twende. Jibu hatulijui. Tumekuja kuuliza."

Pazia likafunuliwa. Aliyeingia chumbani alikuwa yule binti wa kwenye mkeka, sasa tumbo halipo, mikononi amebeba kichanga kimefungwa kwa kanga ambayo Faudhia aliitambua kabla hajamtambua mtoto.

"Nilisikia yote siku ile, dada," binti alisema. "Nikaona vibaya. Umetembea na vumbi lote lile, umpigie hodi mtu asiyekuwepo? Nikasema huyu akizaliwa wa kike, asitokee mtu tena akaambiwa hayupo."

"Anaitwa nani?" Faudhia aliuliza.

"Ikram. Na ukifika Kerenge ukimuulizia Mama Ikram dukani, ndiye mimi sasa."

Faudhia akanyoosha kidole, akamfinya mtoto kidogo shavuni, kuhakikisha. Mtoto akalia kwa nguvu zote za mtu wa kweli. Shangazi wakapiga kelele. Faudhia alikuwa anacheka na kulia, poda yote imekwenda, na kelele zilipotulia shangazi mkubwa akauliza, kama desturi:

"Haya, binti. Watu wako nje. Tuwajibu nini?"

Faudhia alichukua simu, akafungua blogu yake, akateremka mpaka chini kabisa, kwenye lile neno lililokuwa limesimama mlangoni muda wote huo. Akaandika: "Karibu ndani." Akatuma.

Sebuleni, mfukoni mwa kanzu nyeupe, taarabu ikalipuka.

Na uani, beberu akakata kamba.

"Yeyo!" ilisikika sauti ya Lekakeny ikiondoka mbio kuelekea stendi. "Wimbo uleule!"